Kitako Kilichoshiba Mafuta

Bunduki ya marehemu baba mkubwa ilitunzwa kupita kiasi, na matatizo yake yote yalianzia hapo. Kila ilipotoka shambani, na hata isipotoka, mzee aliimiminia mafuta kwenye bolti, kile chuma cha kukokea risasi, na ndani ya mtutu, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaisimamisha kwenye kona ya chumba chake, kitako chini na mdomo juu. Mafuta hayakai pale ulipoyaweka. Siku nenda siku rudi yalishuka taratibu kupitia chuma mpaka yakaikuta mbao nyuma ya sehemu inakofungia bolti, mahali ambapo nyuzi za mti zimekatwa na ziko wazi kunywa chochote kinachokuja. Zikanywa miaka na miaka. Nilipoipokea, shingo ya kitako ilikuwa nyeusi tii, na ukiibonyeza kwa ukucha, ukucha unazama kidogo. Mbao nzima ilinuka gereji.

Juu ya yote hayo kuna mtu aliipaka vanishi. Ile ya makochi, rangi ya mahogani, inayong'aa mpaka unajiona. Nani aliipaka sijui, na kwenye ukoo kila mmoja anamtaja ndugu ambaye hayupo kikaoni.

Kabla sijaendelea niseme la sheria, maana najua kuna atakayesoma hapa akakimbilia bisibisi. Bunduki hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Mwenye leseni akifariki, silaha inakwenda polisi, na anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe upya, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nilipita njia hiyo barua kwa barua, mpaka leseni ikatoka kwa jina langu. Tena kutengeneza silaha za watu kama biashara kunahitaji kibali chake, ndiyo maana sikuipeleka kwa seremala wetu hapa Kihesa, Iringa, ingawa mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Nilichofanya ni kushughulikia mbao tu, ya bunduki yangu, nyumbani kwangu. Chuma sikukigusa, na zaidi sana zile namba. Ukifuta namba ya silaha kwa msasa, hakuna atakayekusikiliza ukisema ulikuwa unatafuta urembo.

Sasa la ukoo. Kwetu inasimuliwa kwamba bunduki hii ilitoka Lugalo. Kila Mhehe anaijua Lugalo: tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa chifu Mkwawa waliuvamia msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, wakamuua yeye na wengi wa askari wake, wakaondoka na bunduki kwa mamia. Ni hadithi tamu kuwa nayo nyumbani. Bahati mbaya chuma chenyewe kinaikana. Mfumo wake ni Mauser wa mwaka 1898, na mwaka huo huo, tarehe 19 Julai, ndipo Mkwawa alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe. Risasi inayoingia ndani yake, ya milimita 9.3 yenye ganda la milimita 62, ilibuniwa mwaka 1905 na fundi wa bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock. Huyo Bock aliibuni kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Afrika waliotaka nguvu ya kusimamisha mnyama mkubwa bila kulipa bei ya bunduki za matajiri. Alichukua mfumo wa bunduki ya jeshi ambao ulikuwa unapatikana kwa wingi, akaufungia mtutu wa risasi nene zaidi.

Kwa hiyo ukweli wake ni wa mlowezi wa Kijerumani. Walikuwa wengi huku nyanda za juu, tangu Dabaga mpaka Rungwe. Baada ya vita vya kwanza mashamba yao yalichukuliwa kama mali ya adui. Miaka ya 1920 wengi wakarudi. Mwaka 1939 wakawekwa kizuizini tena. Vitu vyao vikapita mikono mingi. Baba mkubwa aliinunua bunduki kwa mkulima wa tumbaku, Mgiriki, wakati Wagiriki bado walikuwa na mashamba Iringa, na karatasi za mauziano zipo. Niliposoma haya kwenye kikao cha ukoo hakuna aliyefurahi. Mzee mmoja aliniambia, "Mnyalukolo, kusoma sana nako kuna hasara zake."

Haya, kazi.

Kwanza unahakikisha ni tupu. Bolti inatoka, unatazama chemba kwa macho, unaingiza na kidole, na risasi zenyewe zinabaki zimefungiwa chumba kingine mpaka kazi iishe. Halafu skrubu. Kwenye Mauser ziko mbili kubwa chini, moja mbele ya sanduku la risasi, nyingine nyuma ya kifyatulio, na hizo ndizo zinazoshika chuma na mbao pamoja. Bisibisi nyingi za madukani ncha yake imechongwa kama kabari, ukikaza inapanda juu na kutafuna kichwa cha skrubu. Ncha inatakiwa ijae kwenye mfereji wote, pande zote zilingane. Nilinunua bisibisi ya bei rahisi nikaipiga tupa taratibu mpaka ikaingia sawasawa. Bunduki nyingi nzuri utaziona zina skrubu zilizotafunwa, na hapo unajua mwenye haraka alishapita.

Nyuma ya kitako kuna bamba la pembe, limeshikwa na skrubu mbili. Nilipolitoa nikaona kitu ambacho vanishi ilikuwa inakificha: mbao tupu, haijawahi kupakwa chochote tangu kiwandani, ya kahawia iliyopoa, yenye mistari myeusi inayopinda kuelekea shingoni. Ni walnati, mti wa Ulaya na Asia. Waliupenda kwa bunduki kwa sababu ni mwepesi kwa nguvu yake, ukishakauka hauhamihami, na unavumilia teke la bunduki inapopigwa bila kupasuka. Risasi yenyewe ya 9.3 ina uzito wa gramu 18.5, hivyo teke si la utani. Ningelazimika kuchonga kitako kipya kwa mti wa kwetu ningechukua mninga, maana ukishakauka nao hautanuki wala kusinyaa ovyo. Paini ya Sao Hill tuiachie kenchi na mbao za kumwagia zege.

Kuhusu kuitoa vanishi, mama mkubwa alikuwa na jibu tayari. Anatengeneza sabuni, na kostik soda haikosekani stoo. "Mwanangu, paka hii, kesho asubuhi imetoka yote." Ni kweli ingetoka yote, pamoja na uhai wa mbao. Kostik inaichoma walnati ikawa nyeusi na nyuzi zikalegea. Nilimshukuru, nikaenda mjini kununua dawa ya kuondolea rangi, nikaipaka uani, kwenye hewa, mikono ndani ya glovu. Vanishi ikajikunja. Niliikwangua kwa kipande cha plastiki, na kwenye zile nakshi za misalaba shingoni, zilizochongwa ili mkono usiteleze, nikatumia mswaki wa zamani. Nakshi haziguswi na msasa hata kidogo. Ukizipiga msasa umezifuta.

Na msasa kwa ujumla nauogopa. Seremala wetu ni mtu wa namba 80, kisha 120, na vumbi lijae uani. Kwa meza ni sawa. Kwa kitako cha bunduki kila unachoondoa kinaonekana: kingo zilizokuwa kali zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, na pale mbao inapokutana na chuma, mbao inazama chini ya chuma na kuacha ngazi ambayo huwezi tena kuirudishia. Mafundi wa zamani waliiacha mbao isimame juu kidogo ya chuma, kama unene wa karatasi, makusudi kabisa. Mabaki ya vanishi nilikwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kama mafundi wetu wanavyolainisha mipini ya majembe. Kioo kipya kina makali ya ajabu, kinanyoa nywele nyembamba za mbao bila vumbi, na kikifa makali unavunja kingine. Vaa kitu mkononi tu.

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kazi yenyewe: kuyatoa mafuta. Hapa watu wengi hukata tamaa, wakaipaka vanishi mpya juu ya mbao iliyolowa, ikashika wiki mbili tatu na kuanza kubanduka kama ngozi iliyoungua. Hakuna kinachoshika juu ya mafuta ya bunduki, kwa sababu hayakauki. Yametengenezwa yasikauke.

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo chaki hazinipigi chenga. Vile vipande vidogo vilivyobaki ambavyo haviandikiki tena nilivitwanga vikawa unga, nikaukorogea asitoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, mpaka ukawa uji mzito, nikaubandika shingoni kwa unene wa kidole. Asitoni inaingia kwenye mbao, inayalainisha mafuta, kisha inapokimbia hewani inayavuta kuja juu, na unga wa chaki unayanywa. Unaubandika mweupe. Ukikauka umekuwa wa njano, na mara za kwanza ulikuwa kahawia kabisa, kama ugali uliomwagikiwa mchuzi. Unaupangusa, unabandika mwingine. Usitumie chokaa ya kupakia nyumba. Hiyo ni kali na italeta weusi wake. Na usifanye hivi karibu na jiko, sigara au kibatari, maana mvuke wa asitoni unatambaa chini mpaka unapokuta moto.

Kati ya bandiko moja na jingine kitako kilikuwa kinaota jua. Kiangazi cha Iringa kina tabia yake: kivulini unatetemeka, juani unaungua. Mbao ikipata joto, mafuta yanatoka yenyewe jasho, vitone vidogo kwenye weusi, unafuta kwa kitambaa kikavu. Lakini si jua la kutwa. Mbao ikikaushwa kwa haraka inapasuka. Nilikuwa naigeuza na kuirudisha ndani kabla ya jua kali la mchana.

Weusi haukuisha wote, na mtu akikuambia ameumaliza bila kutumia msasa mkali usimwamini. Ulichoishia kuwa ni kahawia nzito karibu na chuma, inayofifia kuelekea nyuma. Ukucha hauzami tena. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta, rangi ni ziada.

Mafuta yalipotoka ndipo ufa ulipojitokeza. Ulikuwa mwembamba, nyuma kabisa ya ule mkia wa chuma unaolala ndani ya mbao kuelekea shingoni, na nilikuwa nauona kama mstari wa mti. Ni ugonjwa wa kawaida wa bunduki zilizolowa. Mbao ikiwa laini na skrubu zikilegea, chuma kinarudi nyuma kila inapopigwa, na ule mkia unaisukuma mbao kama kabari ya kupasulia kuni. Teke lilitakiwa lipokelewe mbele, na bega la chuma lililo chini, pale mtutu unapofungiwa. Gundi ingepakwa kabla mafuta hayajatoka ingekuwa kazi bure. Nilipasha ufa kwa jua, gundi ya epoksi ikalegea na kunywewa mpaka ndani, kisha nikaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikiuvuta na kuuzungusha. Tyubu ya baiskeli inabana pande zote kwa nguvu sawa, hata kwenye umbo lililopinda ambapo klampu ya chuma haina pa kushika. Ilipokauka nilikwangua mbao kidogo nyuma ya mkia, upenyo wa kupitisha karatasi tu, ili chuma kisiigonge tena.

Mabonde ndiyo sehemu niliyoifurahia. Kitako kilikuwa na mashimo madogo mengi, ya kugongwa kwenye bodi ya gari na mawe. Mbao ikigongwa bila kukatwa, nyuzi zake zinakuwa zimelala tu. Unaweka kitambaa kilicholowa juu ya bonde, unagusa kwa pasi ya moto, mvuke unaingia, nyuzi zinavimba na kusimama. Nilitumia pasi ya mkaa ya mama mkubwa, ile nzito yenye jogoo mbele. Umeme ulikuwepo, lakini ncha ya ile pasi ni nyembamba na joto lake halikatiki. Unasikia "chsss", unainua kitambaa, na bonde limepungua nusu. Unarudia. Palipokatwa hapainuki, hata ufanye nini. Kuna kovu moja refu upande wa kushoto ambalo nimeliacha. Kulitoa kungenidai nishushe upande mzima.

Baada ya hapo unailowesha mbao yote kwa kitambaa chenye maji, unaiacha ikauke, na vinyweleo vinasimama. Unavipitishia msasa laini wa namba 320, kidogo tu, ukiuzungushia kwenye kipande cha mbao bapa ili vidole visichimbe. Unalowesha tena mpaka visisimame. Usipofanya hivyo sasa, vitasimama siku ya kwanza utakayonyeshewa.

Kwa kupaka nilichagua mafuta ya kitani, yale ya linseed. Hapa msomaji atauliza: umetoka kutoa mafuta, unarudisha mafuta? Tofauti ni kwamba ya kitani yanakauka. Hayakauki kama maji kwa kupaa. Yanachukua hewa ya oksijeni na kugeuka kitu kigumu ndani ya mbao. Yale yanayouzwa kwa jina la kuchemshwa yametiwa chumvi za madini, kama kobalti au manganizi, ili yakauke upesi. Unapaka tone dogo, unasugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto, unafuta yote yaliyobaki juu. Nasema yote. Ukiacha tabaka nene linakuwa gundi ya kunasia nzi. Mapako ya kwanza niliyasugua kwa msasa wa namba 400 uliolowa mafuta yenyewe, na ule utope wa vumbi na mafuta ukajaza vitundu vya walnati, ambavyo ni vikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Mafundi wa Kiingereza wana utaratibu wao wa tangu zamani: kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja, kisha kila mwaka maisha yako yote. Nadhani aliyeutunga alikuwa na bohari yenye moto. Iringa mwezi wa saba, na ukungu wa Mufindi ukiwa unapanda, pako moja linakaa siku kadhaa bado linanata. Baridi inachelewesha. Ukilazimisha la pili juu ya la kwanza ambalo halijakauka umeharibu yote mawili. Mwenye subira na kazi nyingine za kufanya ndiye anayepata kitako kizuri.

Vitambaa vya mafuta ya kitani, tafadhali, msivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta yanapochukua oksijeni yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinalifungia joto hilo ndani mpaka kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Karakana zimeungua hivyo. Vyangu nilivianika kimoja kimoja kwenye waya, mbali na nguo, vilipokakamaa nikavichoma.

Sehemu isiyoonekana ni muhimu kuliko inayoonekana. Ule mfereji ambao mtutu unalala, na ile mbao tupu chini ya bamba la pembe, nilivipaka mara nyingi kuliko nje. Mti hunywa unyevu zaidi mahali nyuzi zilipokatwa, na bunduki hii huwa inasafiri: shamba tunalolilinda dhidi ya nguruwe pori liko Rungwe, kwa wakwe, ambako mvua haijui likizo. Mbao isiyofungwa ikitoka Iringa kavu ikafika Tukuyu inavimba, mkono wa mbele wa kitako unaugusa mtutu upande mmoja, na risasi inakwenda kwingine wakati wewe unalaumu macho yako. Kipimo ni rahisi. Unachukua noti ya shilingi elfu moja, unaipitisha kati ya mtutu na mbao kuanzia mdomoni. Ikipita bila kukwama, mtutu uko huru. Bunduki nyingine zimetengenezwa zikiwa na kituo mbele kinachobana mtutu makusudi, kwa hiyo tazama kwanza ya kwako ilivyo kabla hujaanza kukwangua.

Pako la mwisho ni nta. Vipimo vitatu sawa: nta ya nyuki, mafuta ya kitani na tapentaini. Nta si shida huku, wafugaji wa nyuki wapo kila upande. Tapentaini nayo asili yake ni utomvu wa misonobari, ule ambao ukipita misitu ya Sao Hill unauona ukikingwa kwenye mashina yaliyochanjwa. Niliyeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikaiepua kabisa, nikaenda mbali na jiko ndipo nikatia tapentaini, kwa sababu ile ile ya asitoni. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Unasugua kidogo, unangoja, unang'arisha kwa kitambaa cha sufu. Mng'ao wake ni wa chini, hauonekani mpaka uinamishe mbao kwenye mwanga, na shemeji yangu anasema bado haijaisha, nimalizie na vanishi.

Bunduki sasa inakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli, mdomo chini, juu ya kipande cha kitambaa. Mafuta ni tone moja kwenye bolti, lililofutwa.

Nta ilibaki nusu kopo. Mama mkubwa aliinusa, akaipenda, akasema ataipaka miiko yake na kile kinu kilichoanza kupasuka. Nikamwambia hapana, humo mna mafuta yenye madini ya kukaushia, si ya kukaribia chakula. Akanitazama. "Yaani hiyo bunduki umeilisha kitu ambacho watu hawawezi kula, halafu unasema umeiponya?" Nilimpa bonge la nta tupu, ambayo haikuchanganywa na chochote. Nusu ameipaka kwenye miiko, na nusu ameipaka pembeni mwa droo ya kabati iliyokuwa inakwama tangu masika, sasa anaifungua kwa kidole kimoja na kumwonyesha kila mgeni.